Presha, magoti na sikio linalovuma: je, niende Integratron?

Swali: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Mombasa, umri wangu miaka 64, na kwa sasa ninakaa kwa binti yangu San Diego, Marekani. Mkwe wangu ametukatia nafasi katika jengo moja la jangwani liitwalo Integratron. Nasikia watu hulala chini, hupigiwa mabakuli ya kioo, wakatoka wakisema wamepona. Mimi nina magoti mabovu, presha ninayoitumia dawa, usingizi mwepesi, na tangu mwaka jana sikio la kushoto huvuma. Je, kuna tiba ya kweli pale, au ni pesa za bure? Na dada yangu ananiambia nisithubutu, kule kuna majini.

Jibu: Waaleikum salaam, Mwalimu. Nenda. Mkwe wako amekutafutia matembezi mazuri, na mtu aliyekaa na watoto wa shule maisha yake yote hadanganyiki upesi. Ila uende kusikiliza, usiende kutibiwa. Dawa ya presha uimeze siku hiyo kama siku nyingine. Na hilo sikio la kushoto, ulilolitaja mwisho kabisa kana kwamba si kitu, likapimwe kabla hamjafunga safari. Nitalirudia, kwa sababu katika barua yako yote ndilo lililonifanya nikae kitako.

Kwanza jengo, maana ukifika pale utasimuliwa mengi, na ni vizuri ujue lipi ni lipi.

Integratron iko Landers, kijiji kilichotawanyika katika jangwa la Mojave, kusini mwa California. Ni kuba jeupe la mbao la ghorofa mbili, kimo chake mita 11 na nusu hivi, upana wake karibu mita 17. Aliyelijenga, George Van Tassel, hakuwa mganga wala mwanamuziki. Alizaliwa Ohio mwaka 1910, akawa fundi wa ndege, akafanya kazi katika makampuni makubwa ya wakati wake: Lockheed, Douglas, Hughes. Mwaka 1947 aliuacha mji akahamia jangwani na mkewe na watoto, penye jiwe moja la matale lenye kimo cha jengo la ghorofa saba, liitwalo Giant Rock. Chini ya jiwe hilo palikuwa na vyumba vilivyochimbwa miaka ya 1930 na mtafuta madini mmoja wa asili ya Kijerumani, Frank Critzer. Critzer alifariki humo humo mwaka 1942, baruti ilipolipuka wakati polisi wamekuja kumhoji. Ilikuwa vita, naye mtu wa asili ya Kijerumani anayeishi peke yake chini ya jiwe. Unaweza kukisia watu walivyomfikiria. Van Tassel alivirithi vyumba vile, akafungua mgahawa na kiwanja kidogo cha ndege.

Yaliyofuata ndiyo yaliyompatia umaarufu. Alidai kwamba usiku mmoja wa Agosti 1953 aliamshwa na mgeni kutoka sayari ya Zuhura, akachukuliwa ndani ya chombo chao, akapewa kanuni ya kurudisha ujana wa seli za mwili. Miaka ile Marekani ilikuwa imeshikwa na homa ya visahani vya angani, kwa hiyo hakukosa wasikilizaji. Alianzisha mikutano ya waamini wa visahani pale penye jiwe, na katika miaka iliyofana walikusanyika maelfu ya watu jangwani. Michango yao ndiyo iliyolisimamisha kuba. Mawazo yake aliyaokota huku na huku: kidogo kwa Nikola Tesla, kidogo kwa Georges Lakhovsky aliyeamini kwamba kila seli ni kama redio ndogo inayopokea mawimbi, kidogo kwa maelezo ya Hema la Musa katika Biblia, na mengine, kwa maneno yake, kwa wale wageni wa Zuhura.

Jengo lote lilikusudiwa kuwa mashine. Nje, kulizunguka kuba, palipangwa mkanda wa vijiti vya alumini ambao ungezungushwa ili uchume umeme tuli, na mtu angepita ndani na kutoka chembe zake zikiwa zimechajiwa upya. Mashine hiyo haikupata kufanya kazi hata siku moja. Van Tassel alifariki ghafla mwaka 1978, ana miaka 67, kazi bado haijakamilika. Mtu aliyeahidi ujana hakufika umri wa bibi zetu wengi wa Mombasa, nao hawakuwa na kuba.

Baada yake jengo lilipita mikono kadhaa, mpaka mwaka 2000 liliponunuliwa na akina dada watatu wa familia moja, na hao ndio waliolitengeneza na kuufanya mkao wa sauti, yaani huko kulala na kupigiwa mabakuli, kuwa shughuli yake kuu. Mwaka 2018 liliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria ya Marekani. Kwa hiyo hayo mabakuli unayoyasikia hayakuwa katika mpango wa Van Tassel. Yamekuja baadaye, yakakuta jengo linaloyafaa kuliko mwenyewe alivyojua.

Hapo ndipo kazi yangu ya kupima masikio inapoanza, na uniwie radhi nikipiga soga kidogo, maana jambo hili nalipenda.

Van Tassel aliogopa chuma kingeharibu mashine yake, hivyo kuba aliliunga bila misumari. Limeshikwa na mbavu 16 za mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, zikapindwa, zikakutanishwa kileleni kwenye pete nzito ya zege. Juu hakuna nguzo katikati, hakuna dari bapa, hakuna kona. Umeswali katika misikiti ya zamani ya pwani, kwa hiyo unaijua kazi ya mihrabu: imamu ametupa mgongo, anaelekea ukutani, lakini ule uvungu uliopinda huichukua sauti yake na kuirudisha kwa maamuma. Sasa chukua mihrabu, izungushe mpaka iwe chumba kizima, na uwalaze watu ndani yake. Ukisimama katikati na kusema neno moja, sauti yako itapiga kuta pande zote kwa wakati mmoja na kurudi kwako kwa wakati mmoja. Kukata upana wote wa chumba, sauti huhitaji kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Ni muda mfupi mno sikio kuuita mwangwi, kwa hiyo unachosikia ni sauti yako ikinenepa, kana kwamba mtu mwingine anazungumza ndani ya fuvu lako. Watu hushtuka, wengine hucheka. Hakuna mzimu hapo. Ni hesabu za duara.

Mbao nazo zina mchango wake. Zege tupu lingeyarusha mawimbi yote kwa ukali, na mlio wa juu ungechoma masikio. Mbao nyembamba zilizopinda hutetemeka kidogo, hunywa sehemu ya nguvu za sauti, na kinachorudi ni laini zaidi. Kama wangejenga kwa bati, mkwe wako asingepata wa kumwuzia tiketi.

Halafu mabakuli. Yametengenezwa kwa mchanga safi wa kwatzi ulioyeyushwa kwa joto kali ndani ya kalibu inayozunguka. Asili yake si ya kale wala ya hekaluni: vyombo vya namna hiyo vilitoka viwandani, ambako hutumika kuyeyushia silikoni ya kutengenezea vipande vya kompyuta. Mpigaji huzungusha kijiti chenye ngozi kwenye ukingo wa bakuli; kijiti kinanata na kuteleza, kinanata na kuteleza, mara mamia kwa sekunde, na bakuli linaanza kulia. Kila bakuli lina noti yake, na noti hiyo ni safi sana, tofauti na ya ngoma au ya zumari ambayo huja na milio mingine mingi ndani yake.

Usafi huo ndio unaozaa maajabu karibu yote utakayosimuliwa. Sikio letu hutambua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha kilichofika kulia na kilichofika kushoto, na husaidiwa sana na mwanzo wa sauti: kofi, konsonanti, mlango kugongwa. Mlio mmoja wa kwatzi usio na mwanzo wala mwisho, ndani ya chumba kinachourudisha kutoka pande zote, unalinyima sikio alama hizo. Ubongo ukikosa alama huamua kwamba sauti iko ndani ya kichwa, au inazunguka, au inapita mwilini kutoka miguuni. Wanaosema wamehisi hivyo hawasemi uongo. Wamehisi kweli.

Tena mabakuli mawili yakikaribiana kwa noti, tuseme moja linatetemeka mara 256 kwa sekunde na jingine mara 258, utasikia sauti ikipanda na kushuka mara mbili kila sekunde, kama inapumua. Hata bakuli moja huweza kufanya hivyo, kwa sababu hakuna bakuli lililo duara kamili. Na kwa kuwa mawimbi yanakwenda na kurudi chumbani, yanapokutana hujenga sehemu zenye sauti kubwa na sehemu zenye sauti ndogo zinazosimama mahali pake. Kwa noti hiyo niliyoitaja, kutoka sehemu ya kelele hadi sehemu ya kimya ni kama sentimita 33. Sogeza kichwa kidogo tu juu ya mkeka wako, utadhani mpigaji amebadilisha bakuli. Ndiyo maana binti yako akilala kando yako mtatoka na masimulizi mawili tofauti, na msigombane.

Sasa tiba.

Mkao wenyewe ni wa saa moja: kama dakika 35 za mabakuli yanayopigwa papo hapo, kisha muziki uliorekodiwa mkiwa bado mmelala. Fikiria unachofanyiwa. Umelala chali, simu imezimwa, hakuna anayekuuliza chakula kiko wapi, sauti ni laini na inakwenda polepole, pumzi yako nayo inaifuata. Mapigo ya moyo hupungua, misuli hulegea, presha huweza kushuka kwa muda. Huo ni utulivu wa kweli wa mwili na sitaubeza. Watu wengi wa rika lako waliokuja ughaibuni kulea wajukuu hawajalala saa moja mchana bila kuitwa tangu washuke ndege.

Utafiti upo, tena umefanyikia mjini kwenu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walichapisha mwaka 2017 matokeo ya watu 62 waliolala kwenye kikao cha mabakuli ya kuimba, na wengi walisema mfadhaiko, hasira na uchovu vimepungua baada yake. Waliokuwa hawajawahi kujaribu ndio walioona tofauti kubwa zaidi katika mkazo. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, yaani watu waliolala saa ile ile chumba kile kile bila mabakuli. Kwa hiyo hatuwezi kusema ni mabakuli, au ni kulala, au ni hamu ya mtu aliyekuja akitarajia jambo zuri. Mimi nadhani ni vyote vitatu, kila kimoja kwa kiasi chake. Lakini unafuu huo ulikuwa wa hisia na ulipimwa papo hapo. Hakuna goti lililopimwa.

Na magoti yako hayatabadilika, Mwalimu. Gegedu iliyolika hairudishwi na noti yoyote. Unaweza kutoka maumivu yamepungua kwa jioni moja, kwa kuwa mwili uliotulia hauumii sana kama uliokazana, lakini kinachosaidia magoti ya umri wetu ni kuimarisha misuli ya mapaja, kupunguza uzito ikiwa upo wa kupunguza, na kutembea. Usingizi nao unaweza kuwa mzuri usiku huo. Ukiwa mzuri, jaribu nyumbani: lala saa moja ile ile, zima taa, weka sauti ya polepole uipendayo, hata kisomo cha Qur'ani kwa sauti ndogo. Haitakugharimu kitu.

Utaambiwa pia kwamba jengo limekaa mahali pa nguvu maalumu za usumaku wa ardhi, na kwamba nguvu hizo huponya. Hili lipime kwa kitu unachokijua. Kama umewahi kuingizwa kwenye mashine ya MRI, ile ya kawaida ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ulikaa ndani ya usumaku ulio na nguvu kama mara 30,000 ya ule wa ardhi. Watu mamilioni wameingia na kutoka humo, na hakuna aliyerudi kijana.

Sauti inayotibu ipo, na uzuri ni kwamba kanuni yake ni ile ile ya mihrabu. Mwaka 1980, mjini Munich, madaktari wa Ujerumani walimtibu mgonjwa wa kwanza wa mawe ya figo bila kumpasua. Walitumia mawimbi ya mshtuko yaliyozalishwa ndani ya chombo kilichopinda, kikayakusanya yote kwenye nukta moja, na nukta hiyo ikawekwa juu ya jiwe. Jiwe likavunjika, mgonjwa akalikojoa vipande. Siku hizi kuna mawimbi ya sauti yanayopenyezwa hadi ndani ya ubongo kutuliza mikono inayotetemeka. Tofauti na kuba la Landers ni kwamba pale hospitalini wanajua nukta iko wapi, nguvu ni kiasi gani, na wanaipima kabla na baada. Van Tassel alikuwa na upinde mzuri sana, lakini hakuwa na nukta.

Turudi kwenye sikio.

Masikio yote mawili kuvuma, hasa kwa mtu wa umri wako, mara nyingi huja na usikivu kupungua, na ingawa hukera, si jambo la kutisha. Sikio moja likivuma peke yake, kwa miezi, ni habari nyingine. Mara nyingi bado huwa ni jambo dogo: nta iliyoziba, sikio lililopigwa na kelele upande mmoja, au usikivu ulioshuka. Lakini mara chache huwa ni uvimbe unaokua polepole kwenye mshipa wa fahamu wa usikivu. Uvimbe huo si saratani, ila ni bora kuujua mapema. Ndiyo sababu kokote duniani mtaalamu akisikia "upande mmoja" huomba kipimo cha usikivu, na majibu yakionyesha masikio yametofautiana, huomba na MRI. Mwambie daktari wako wa San Diego maneno hayo hayo: sikio la kushoto peke yake, tangu mwaka jana. Mwambie pia kama mvumo unafuata mapigo ya moyo, kama kichwa kinazunguka, na dawa zote unazomeza, pamoja na za kununua dukani bila cheti. Aspirini kwa kiwango kikubwa huvumisha masikio. Kwinini pia, waliotibiwa malaria kwayo nyumbani wanaikumbuka ile kelele. Na ikitokea siku usikivu wa sikio moja ukapotea ghafla, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa yake hufanya kazi ikianzwa mapema.

Je, mabakuli yatalidhuru sikio? Kwa mtu mwenye masikio mazima sina wasiwasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sikio la mtu mzima linaweza kustahimili desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, au desibeli 90 kwa saa 4. Dakika 35 za mabakuli ziko ndani ya mpaka huo hata yakipigwa kwa nguvu. Lakini sikio linalovuma lina tabia zake. Mlio mmoja safi unaoendelea unaweza kuufunika mvumo wako, ukajisikia raha ya ajabu, kisha ukauacha urudi umekasirika kwa saa chache. Kwa wengine ni raha tupu. Beba vizibo laini vya masikio, vile vya povu vya duka la dawa, uviweke karibu na mkono. Chagua mkeka ulio mbali na mpigaji na mbali na katikati ya chumba, maana katikati ndipo kuba linapokusanya sauti. Ukiona inachoma, ziba au inuka utoke. Kutoka si utovu wa adabu. Ungekuwa na kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au kifafa, ningekuambia umwulize daktari wako kwanza.

Kuhusu dada yako, mpe salamu zangu na usimcheke. Ametoka pwani ambako sauti haikuwa ya burudani tu. Ameziona ngoma za pepo, au amesimuliwa na waliozicheza. Anajua kwamba mdundo ukikolea mtu anaweza kuanguka na kusema maneno yasiyo yake. Kwa mtu aliyekua na elimu hiyo, chumba cha giza jangwani chenye sauti zisizojulikana zitokako si mzaha. Ninaloweza kukuambia ni kinachofanyika: hakuna anayeitwa, hakuna kafara, hakuna kiti cha pepo, hakuna mtu anayetakiwa apandwe wala akubali imani fulani. Mpigaji anaweza kutaja chakra, yaani vituo vya nguvu mwilini katika mafundisho ya Kihindi, kwa kuwa noti za mabakuli yao wamezihusisha na vituo hivyo. Na kuta za chini zimejaa picha na habari za visahani na za Zuhura. Hayo ni maneno yao, unaweza kuyasikiliza kama unavyosikiliza hekaya. Je, yanatosha kukufanya usiende? Hilo ni la dini, na mimi napima masikio. Mwulize sheikh unayemwamini, na umweleze hivi nilivyokueleza, usimpelekee la majini peke yake.

Sasa ngazi, na hapa nisome taratibu.

Chumba cha sauti kiko ghorofa ya juu, na kupanda kwake ni kwa ngazi ya mbao iliyosimama sana, karibu na ngazi ya kukwea paa. Viatu huvuliwa chini. Kwa magoti yako kupanda ni kazi, na kushuka ni kazi zaidi. Na kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Umemeza dawa ya presha. Umelala chali saa nzima, mwili umetulia, presha imeshuka. Ukiinuka ghafla, damu haiwahi kichwani, macho yanaingia giza. Kisha hapo hapo unaelekezwa kwenye ngazi. Katika safari yako yote, majini na Zuhura na sumaku zikiwekwa upande mmoja, hilo ndilo linaloweza kukuumiza kweli.

Kwa hiyo wakisema kikao kimekwisha, usiwe wa kwanza. Geuka ubavu, kaa kitako dakika chache, chezesha vifundo vya miguu, kunywa maji, ndipo usimame ukiwa umemshika binti yako. Waache vijana watangulie. Shuka ukiwa umeielekea ngazi, uso kwa vidato, na mkwe wako awe chini yako. Kabla ya siku hiyo wapigieni simu au muwaandikie, muwaeleze magoti yako na umri wako, muulize ngazi ikoje na kama kuna kiti juu, maana kulala sakafuni na kuinuka ni mtihani mwingine. Wakijibu kwamba haiwezekani, bora mjue mkiwa San Diego kuliko mkiwa mlangoni. Binti na mkwe wanaweza kupanda, nawe ukabaki kivulini. Nje kuna bembea za kulalia, na ukikaa karibu na ukuta utasikia kiasi.

Juu ya safari yenyewe sina mengi. Kutoka San Diego ni kama saa tatu kwa gari, foleni ikiruhusu. Huko si mahali pa kupita na kubisha hodi. Nafasi hununuliwa mapema mtandaoni, na anayechelewa mlango huwa umefungwa, kwa sababu sauti haikatizwi. Msiende kiangazi kama mnaweza kuchagua. Mojave mwezi wa Julai hupita nyuzi 38 kwa urahisi, na joto hilo pamoja na dawa za presha, hasa zile za kupunguza maji mwilini, haviendani. Oktoba hadi Aprili ni bora, ila Landers iko juu kuliko watu wanavyodhani, zaidi ya mita 900 toka usawa wa bahari, na jioni baridi yake si ya mzaha. Chukua sweta na soksi nene. Ukiwa sakafuni utazishukuru.

Mkibaki na nguvu, Giant Rock yenyewe iko kilomita chache kaskazini, kwa barabara ya vumbi. Mwaka 2000 kipande kikubwa kilimeguka, ukaonekana weupe wa ndani wa matale, na waamini wakasema ni ishara. Wanajiolojia wanajua jiwe la jangwani linalochomwa mchana na kupoa usiku hupasuka bila kuombwa. Eneo hilo lina tabia ya kutikisika pia. Juni 1992 Landers ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.3, na kuba la mbao lisilo na msumari likabaki limesimama. Vyumba vya Critzer vimefukiwa, na watu wamelichafua jiwe kwa rangi, lakini kimo chake bado kinamfanya mtu anyamaze. Kwa gari la chini msiende mvua ikiwa imenyesha, mchanga hunasa magurudumu. Simu nako hazishiki vizuri, basi ramani ipakueni kabla, na mafuta jazeni Yucca Valley.